Ni Mimi Niliyekata Pete za Miguu ya Mke Wako

Mpendwa ndugu yangu mkubwa Mogaka,

Kabla sijakusalimu, nianze na huyu anayekusomea. Wewe unayesoma, sikujui. Labda wewe ni karani, labda unakaa na ndugu yangu laini moja ya nyumba za wafanyakazi. Yeye hakusoma, na mimi nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo lazima tupite kwako. Naandika Kiswahili kwa sababu huko kwenye mashamba ya chai mmechanganyika makabila, sijui kama Kigusii unakisikia. Nakuomba kitu kimoja. Kuna mahali utaona haya kusoma mbele ya watu. Usiruke. Mimi pia niliona haya kuandika.

Sasa ndugu, sisi huku tuko. Baba bado anakohoa asubuhi, Mama goti linamsumbua. Mahindi ya juu yalipigwa na mvua ya mawe, ya chini yamepona. Mtoto wenu Moraa amekuwa mrefu, meno ya mbele yameanza kung'oka. Mimi bado nanoa mapanga na majembe kwa tupa pale Nyakoe siku za soko. Sijaoa. Wale mama wanaouza ndizi huniambia, "Mokua, utaoa hiyo tupa?" Mimi hucheka tu. Unajua siwezi kujibu wanawake watatu kwa wakati mmoja. Hata mmoja ni shida.

Hizo ndizo salamu. Neno lililonikalisha chini ni hili: ni mimi niliyekata pete za miguu ya mke wako. Hakuna mwanamume mwingine. Ni mimi mdogo wako, kwa tupa ile uliyoniletea wewe kutoka huko Kericho, na ulipokuja ukaniuliza, nilikudanganya.

Nimeandika. Nimeweka kalamu chini nikatoka nje nikaangalia mvua, nikarudi. Bado imeandikwa.

Unakumbuka siku uliponipa hiyo tupa? Ulikuwa umerudi mara ya kwanza, una kofia, una sanduku la bati. Mimi nilikuwa nimeacha shule ya misheni kwa sababu mwalimu akiniuliza kitu mbele ya wenzangu sauti inakwama, wenzangu wanacheka, naketi. Baba alikuwa anasema sijui huyu atakula nini. Ukafungua sanduku, ukatoa kitu kimefungwa kwa gunia, ukasema, "Huyu hataki kusema na watu. Mpeni chuma aseme nacho." Wakacheka wote. Nilikasirika kidogo. Lakini ulinikalisha nje, ukaweka panga la Baba juu ya gogo, ukashika mkono wangu na mkono wako juu yake. "Sukuma mbele. Ukirudi, inua. Ikilia, umeishika vibaya." Mkono wako ulinuka sigara. Mpaka leo nikinoa ndivyo nafanya, nasukuma na kuinua, na watu wa Marani wanaleta majembe kwangu wanapita wanoaji wengine njiani.

Na siku ya arusi yenu, ile ya mila, ya enyangi, ulikumbuka kunitafuta. Nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala kwa sababu ya wageni wengi. Ukaja na maridadi yako yote ukanishika sikio. "Toka uone mke wako," ukasema, kama watu wetu wanavyomtania mdogo wa bwana arusi. Nikaona wakimvisha Kerubo zile pete. Wewe unayesoma, kama si mtu wa kwetu: mwanamke aliyeolewa kwa sherehe kamili huvishwa pete nyembamba za chuma juu ya vifundo vya miguu, nyingi, mguu huu na huu. Tunaziita ebitinge. Hazivuliwi. Zikitoka, maana yake mume amekufa, au mwanamke ameivunja nyumba mwenyewe.

Alipotembea zililia. Baba hata hakuhitaji kugeuka. Akiwa ameketi na mgongo wake kwa njia, alisema, "Huyo ni mke wa Mogaka analeta uji," na ni yeye. Mke wa mjomba alikuwa na mlio mzito, Kerubo mlio mwembamba, wa haraka.

Wewe ukarudi Kericho. Tulianza kwenda kanisani mimi na yeye. Sikumpeleka, wala yeye hakunipeleka. Mimi nilienda kwa sababu pale juu kilimani siku ya Sabato mtu anaweza kuketi kimya na hakuna anayemuuliza kwa nini yuko kimya. Yeye alienda baada ya mtoto wenu wa kwanza kufa. Siku hiyo pia hukuwepo. Sikulaumu, kazi ni kazi. Ila nataka ujue ilianzia hapo. Aliketi mstari wa mwisho wa kina mama, na mimi mstari wa mwisho wa wanaume. Tuliingia darasa la ubatizo pamoja, miaka miwili. Mwalimu Zakaria alikuwa anatuuliza maswali kwa zamu, pombe, tumbaku, waganga, na sisi tunajibu tumeacha. Waliobatizwa huku wanasema wameingia katika kweli. Mimi nilipenda sana kusikia hivyo. Niliona kama nyumba, ukishaingia mlango unafungwa nyuma yako, hutatetemeka tena.

Mwishoni mwalimu akasema kwamba mapambo yatoke kabla ya maji. Shanga zikatoka, ni kuvuta tu. Pete za miguu ndizo zilizobaki. Kerubo akauliza, na si kawaida mama kuuliza kule, "Na hizi ambazo si mapambo?" Mwalimu akamwambia atafakari na moyo wake. Akatafakari miezi. Alitaka kukungojea uje umpe ruhusa, akatuma neno kwako kwa mtu wa Kiogoro, lakini yule mtu tulisikia baadaye aliishia Sotik. Wewe hukupata. Yeye alidhani umepata ukanyamaza, na ukinyamaza umekubali. Mogaka, hilo lilikuwa kosa, lakini si uongo.

Akaja kwangu. "Shemeji, una tupa."

Nikasema ninayo.

"Mhunzi atanipasua ngozi. Wewe una mkono mwepesi."

Nikamuuliza, "Na Mogaka?"

"Nitamwekea zote. Akija nitampa mkononi nimwambie. Hizi ni zake, si za kutupa."

Tulifanya mchana, nyumbani mwako, mlango wazi, Mama yuko shambani upande wa bondeni. Naandika mlango wazi kwa sababu nataka uone. Aliketi kwenye kigoda, mimi chini. Nilimshika mguu. Hapa ndipo nilisema msomaji asiruke. Nilimshika mke wa ndugu yangu mguu kwa mkono wa kushoto, na kulia nikashika tupa. Niliweka kipande cha gunia kati ya chuma na ngozi, na maji nikamwagia, kwa sababu chuma kikisuguliwa kinapata moto. Sikuinua macho. Yeye aliangalia nje mpaka mwisho. Pete moja ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Siku ya kwanza tulimaliza mguu mmoja tu.

Siku iliyofuata yote alikuwa na mguu mmoja unalia na mwingine kimya. Akasema anaumwa tumbo, akalala, Mama asimsikie akitembea. Mama akamchemshia dawa ya majani chungu sana na ikabidi ainywe yote. Alinisimulia akicheka, anashika mdomo. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo. Siku ya tatu nikamaliza mguu wa pili. Wiki hiyo tukaingia mtoni, yeye na mimi na wengine. Maji yalikuwa baridi. Nilipotoka nilikuwa mwepesi, Mogaka, nakwambia. Kama mtu aliyetua gunia la mahindi baada ya mlima.

Baba ndiye wa kwanza kujua. Alikuwa ameketi kama kawaida na mgongo wake kwa njia, Kerubo akamletea uji, na Baba hakumsikia. Alishtuka mpaka kibuyu kikamwagika. "Nani wewe?" akasema. Akageuka, akaangalia chini kwenye miguu, akaangalia pembeni haraka kwa sababu ni mke wa mwanawe.

"Nimezitoa, Baba, kwa sababu ya ubatizo."

"Mume wako amekufa?"

"Hapana."

"Basi mimi nitamwambia nini akija?"

Hakuuliza ni nani amekata. Alidhani ni mhunzi. Kama na wewe ungedhani ni mhunzi, labda leo ungekuwa nyumbani.

Ukaja wiki tatu baada ya ubatizo. Nilikuwa napasua kuni. Niliona sanduku kichwani mwako kabla ya uso wako, nikafurahi, nikaangusha shoka. Ulikuwa umemletea kitambaa cha bluu. Akatoka ndani na zile pete amezifunga kwenye jani la mgomba, akakupa kwa mikono miwili. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema, mimi nayajua, alinifanyia mazoezi. Hukumwacha aseme hata nusu. Ukafungua jani, ukachukua pete moja ukaishika juu kwenye mwanga, ukaangalia mahali ilipokatwa. Wewe unajua chuma. Ukaona haikukatwa na patasi ya mhunzi.

"Mwanamke hawezi kujikata chuma mguuni," ulisema polepole. "Kuna mtu alishika mguu huu. Ni nani?"

"Mimi ndiye niliyetaka zitoke," akasema.

"Sikuulizi aliyetaka."

Hakuniangalia. Hata jicho lake halikuja upande wangu, ndugu. Nilikuwa nimesimama hatua sita.

Ukageuka. "Mokua. Tupa yangu niliyokupa iko wapi?"

Nikasema, "Niliazimisha."

"Nani?"

"Mtu wa sokoni. Simjui jina."

Ukaja karibu. Hukuwa na hasira kwangu, hilo ndilo linaloniuma. Uliweka mkono begani kwangu kama siku zote. Ukasema, "Wewe sasa ni mtu wa maji. Watu wenu hawasemi uongo, huko kazini nimewaona, hata mnyapara anawapa funguo. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Unamjua aliyeshika mguu wa mke wangu?"

Nikasema, "Simjui."

Ukaamini. Wewe ambaye hujawahi kuketi kanisani ulilichukua neno langu kwa sababu ya ubatizo wangu, na neno lenyewe lilikuwa halina kitu ndani. Kama ungenipiga ningesema. Kama ungenishuku ningesema, nafikiri. Uliniamini, sauti ikakwama kama zamani shuleni.

Ukazimwaga pete kwenye shamba la kahawa. Nikajiambia kesho asubuhi nitakuita pembeni nikuambie. Asubuhi ulikuwa umeshaondoka, na kitambaa umeacha kwenye kigoda.

Miaka sita. Ulirudi Kericho na mwanamume kichwani ambaye hayuko. Nimesikia kwa watu umemtafuta mpaka ukamtaja fundi cherehani mmoja wa Kiogoro, mzee wa watu, kisa alimshonea Kerubo gauni la ubatizo. Kila mwaka unamtumia Moraa nguo na mke wako hapati hata salamu. Moraa alizaliwa miezi saba baada ya kuondoka kwako, na najua watu wamehesabu miezi, na najua wewe umehesabu. Usiku ule ulilala nyumbani mwako, hilo unalijua; alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama sungura, Mama ndiye alimpokea, muulize. Masikio ni yako. Hata ukikasirika kwangu angalia masikio.

Nitakuambia nilivyoishi na hilo neno. Nilisali. Nilisali vizuri, nilijua kusali. Niliwaombea wagonjwa, nilikuombea wewe kwa jina, safari na kazi. Nilimwambia Mungu kila kitu isipokuwa hicho, na nikifika karibu nacho nazunguka, kama unavyozunguka tope njiani. Baada ya muda nikaona kwamba ile kweli niliyofikiri ni nyumba imekuwa kama mtu ninayeishi naye ambaye hatusemeshani. Yuko. Anaketi. Anakula nami. Nikifundisha wadogo maswali ya darasa, ananiangalia. Pombe nimeacha, tumbaku sijawahi, mganga sijui mlango wake. Nilikuwa na kweli zote walizotufundisha. Ile moja ambayo mtu alikuja akaniuliza uso kwa uso, hiyo ndiyo sikuwa nayo.

Na mwaka juzi walibatizwa kina mama wawili wa upande wa Marani na pete zao miguuni. Hakuna aliyesema kitu. Desturi ilikuwa imebadilika tu, mwalimu mwingine, mawazo mengine. Nilisimama ukingoni nikiangalia ile miguu ikiingia majini inalia. Kerubo alikuwa kando ya kina mama, na yeye anaangalia. Halafu akaimba na wengine. Mimi sikuweza kuimba. Nilikuwa nimechoka, kuchoka kule ambako ukilala unaamka nako.

Sasa mwezi uliopita mambo mawili yamekuja pamoja. Kwanza walinichagua shemasi. Pili yule kijana wa jirani alitoka huko kwenu akaleta neno lako kwa Baba, kwamba ukija likizo hii utamrudisha Kerubo kwao Nyamira, ng'ombe warudi, na Moraa aende na mama yake kwa sababu humjui ni wa nani. Kerubo aliambiwa yuko palepale anapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua. Nilihesabu, alimaliza magunzi manne kabla hajasimama.

Nilienda kwa Mwalimu Zakaria, siku hizi amezeeka, nikamwambia siwezi kuwa shemasi, nikamwambia kwa nini. Ni mtu wa kwanza kumwambia. Akavua miwani akaifuta.

"Umemwambia Mungu?"

"Nimemwambia. Juzi."

"Basi amekusamehe. Imekwisha."

"Mwalimu, Mungu alikuwa anajua. Ndugu yangu ndiye hajui."

Akasema, "Ukisimama kusema, watu watasema kanisa linavunja nyumba za watu. Tumefanya kazi hapa miaka mingi, Mokua. Nimechoka na maneno." Nikaona kweli amechoka, kuliko mimi. Ni mtu mwema, alinifundisha kusoma kile kidogo ninachosoma. Nikamwambia asante. Nilipofika mlangoni akasema, bila kuniangalia, "Mimi ndiye niliyemwambia atafakari. Ningemwambia angoje." Hiyo ndiyo yote aliyosema, na nadhani ilimgharimu.

Kutoka hapo nilienda shambani kwa Kerubo. Alikuwa anapalilia. Nikachukua jembe la pili nikaanza mstari wa karibu, maana siwezi kusema nikiwa nimesimama bure. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema ni mimi? Siku ile, na siku zote hizi?"

"Aliniuliza ni nani. Nikamwambia aliyetaka ni mimi. Hiyo ilikuwa yangu, nikasema," akajibu. "Ile nyingine ni yako."

"Ingekuokoa."

"Ningemwambia ni wewe, na wewe ulikuwa umeshasema hapana, angemwamini nani? Nilikuwa na miguu mitupu." Akang'oa jani akalitupa. "Halafu nilijua utasema. Mwaka wa kwanza nilijua. Mwaka wa pili pia. Baadaye sikujua tena, nikawa nalima tu."

"Kwa hiyo umenichukia."

"Shemeji, nina shamba, nina mtoto, nina mama mkwe na goti lake. Nikuchukie saa ngapi?"

Tukamaliza mstari. Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Usiandike kwa ajili yangu. Ukiandika kwa ajili yangu utapamba. Andika kama ilivyokuwa tu." Nimejaribu, Mogaka. Mahali nilipoandika kwamba sauti ilikwama, nimefikiria kama napamba. Kweli ilikwama. Lakini pia niliogopa, na kuogopa ndiko kulikuwa kukubwa. Niliogopa utaniondolea ule mkono begani. Ndivyo ilivyokuwa.

Baba nilimwambia jana. Nilikaa mbele yake, si nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, hakukohoa hata mara moja. Kisha akauliza, "Umemwandikia?"

"Bado."

"Unangoja nini, mimi nife ndipo uwe na la kuanzia?"

Leo asubuhi nikaenda Kisii mjini kununua karatasi. Yule mwenye duka, mzee wa Kiislamu anayewaandikia watu barua, akaniuliza, "Nikuandikie, kijana? Kwa siku moja unapata barua safi." Nikamwambia hii itakuwa chafu kidogo. Akacheka, akanipa na bahasha.

Sasa nisikilize. Sikuombi unisamehe katika barua hii, kwa sababu mtu mwingine anasoma na utajisikia lazima useme neno jema mbele yake. Naomba usimrudishe Kerubo kwao. Aliyeshika mguu wake ni mimi, mara mbili, mchana, mlango wazi, nikiwa na gunia na maji, na sikumshika tena kabla wala baada. Fundi cherehani hana kosa, ukipita Kiogoro mwambie, na mimi pia nitamwambia. Moraa ni wako. Kerubo alikosea kwa kutokukungoja, na hilo mwambie mwenyewe, atakujibu, anajua kujibu kuliko mimi. Hasira nyingine yote ina mwenyewe, ni mimi, na ninapatikana.

Sabato ijayo nitasimama niseme mbele ya watu. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya sita. Labda watafuta jina langu kitabuni mwa kanisa kwa muda, labda hawatafuta. Zamani hilo ndilo lingenitetemesha. Sasa naona kama jina likiwa kitabuni na mimi siko, hata likiandikwa kwa wino mwekundu halinisaidii. Na yule ninayeishi naye nyumba moja, ile kweli, tangu jana nilipoongea na Baba, nimeanza kumsemesha. Bado hatujazoeana. Nikisema kitu kidogo, kama nimechelewa kwa sababu ya mvua, anangoja nimalizie kwamba pia nililala. Namalizia. Ni kazi, ndugu. Inachosha kwa namna nyingine, kama kulima shamba lako badala ya la mtu.

Mvua imepungua. Kuna mtu wa huku anapanda lori kesho asubuhi kuja kwenu, nimemshika, nimemwambia nitamfuatilia mpaka aondoke nione kwa macho yangu, asiishie Sotik.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, asante. Sasa mwache peke yake kidogo.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja, niliyekudanganya na sasa nimekuambia,

Mokua